Usiharakishe Msamaha Katika Tendo la Tatu

Gulu

Ndugu yangu Mwalimu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Arua. Rasimu ya tamthilia yako juu ya watoto waliotekwa na LRA, kundi la waasi wa Joseph Kony lililopigana huku kaskazini mwa Uganda, imefika na nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Tendo la kwanza usiliguse tena. Mtoto ananyakuliwa njiani akienda shule, anafungwa kamba kiunoni na kutwishwa gunia, na hakuna neno la ziada. Shida iko kwenye tendo la tatu. Mhusika wako anarudi akiwa mwanamume wa miaka thelathini, anapiga magoti uwanjani, mama wa marehemu anamkumbatia, ngoma zinalia, pazia linafungwa. Ukumbi utapiga makofi, lakini mtu aliyefiwa Lukodi, Odek au Abok, kambi za wakimbizi wa ndani zilizoshambuliwa na waasi hao, atatoka akijua kwamba amerukwa. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu naiona tamthilia hii imekaribia kusema jambo ambalo wengi wanalikwepa.

Nianze na ibada za Waacholi, wenyeji wa huku Gulu, maana umechanganya mbili. Kukanyaga yai, yaani nyono tong gweno, ni kumpokea mtu aliyekaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Yai bichi hubanwa kwenye kijiti cha opobo, mti wenye utelezi ambao watu huutumia kuoshea, na kando yake hulazwa layibi, ile fimbo ya kufungulia ghala la nafaka. Anayerudi analikanyaga yai, anavuka, anaingia nyumbani. Hapo haulizwi kama ameua, wala ameua nani. Ndiyo maana iliwezekana kuifanya kwa makundi makubwa ya watu waliotoka msituni, yaani kwa waasi. Yule mzee wako anayesema "sasa damu imekwisha" baada ya yai kupasuka anasema uongo, na Mwacholi yeyote atakayekuwa ukumbini atalijua hilo.

Damu ina njia yake, ambayo ni mato oput, na njia hiyo ni ndefu. Mtu wa ukoo mmoja akimuua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili husimamisha kula pamoja, kunywa pamoja na kuoana. Msuluhishi asiye wa upande wowote huenda huku na huku, pengine kwa miaka. Kazi yake ya kwanza ni kuupata ukweli: nani aliua, wapi, kwa nini, kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Bila muuaji kukiri, hakuna kinachoendelea. Akishakiri, wazee hupanga fidia, culo kwor, ambayo kwa desturi ilikuwa ng'ombe, ili upande uliofiwa uweze kutoa mahari na kupata mtoto wa kulibeba jina la marehemu. Ukoo mzima huchanga. Baada ya hapo ndipo siku ya kunywa inapowekwa. Upande wa muuaji huleta kondoo, upande wa wafiwa huleta mbuzi, wanyama hukatwa nusu kwa nusu na pande mbili hubadilishana vipande. Mizizi ya mti wa oput hutwangwa, ikachanganywa na pombe ya kienyeji ndani ya kibuyu. Wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti, mikono nyuma ya mgongo, wakainama na kunywa kwa pamoja.

Sasa angalia inapokwama, maana humo ndimo tamthilia yako ilimo. Utaratibu huu unahitaji muuaji anayejulikana na marehemu anayejulikana. Waasi walipoingia kambini usiku, nani alimpiga nani? Aliyefiwa hana jina la kumpelekea msuluhishi, na muuaji mwenyewe huenda hajui jina la aliyemuua. Pili, waliouawa hawakuwa Waacholi peke yao. Abok iko Lango, na Walango wana kayo cuk yao. Wateso wana ailuc, Wamadi wana tonu ci koka. Makubaliano ya Juba ya tarehe 29 Juni 2007 kati ya serikali ya Uganda na LRA kuhusu uwajibikaji na upatanisho yalizitaja taratibu hizi zote, lakini kuzitaja si kusema ukoo wa Kiacholi wa Pajule utanywa kibuyu gani na familia ya Abok. Tatu, ng'ombe walikwisha. Kaskazini ilipoteza mifugo yake kwa uporaji tangu miaka ya 1980, na vita vilipofikia kilele watu kama milioni 1.8 walikuwa wanaishi kambini. Ukoo uliotoka kambini na majembe mawili utachanga nini?

Tatizo la nne ndilo ninalokuomba ulitafakari kuliko yote. Mato oput ni ya mauaji. Msichana aliyetekwa na kukabidhiwa kwa kamanda awe "mke" hana nafasi katika kibuyu kile. Katika rasimu yako yumo mwanamke mmoja aliyerudi na watoto wawili, naye anapewa mistari minne, yote ya kulia. Mpe swali. Watoto wake ni wa ukoo gani? Watalima shamba la nani? Mjomba amesema hataki "watoto wa msituni" kwenye ardhi yake, na mjomba huyo huyo Jumapili yuko kanisani akiitikia amina kwenye mahubiri ya msamaha. Hapo tayari unayo nusu ya tendo, na hujahitaji bunduki hata moja.

Upande wa sheria umeupita kwa sentensi moja. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimtaka mpiganaji afanye mambo machache: ajisalimishe kwa jeshi, polisi, chifu, hakimu au hata kiongozi wa dini, aukane uasi, na asalimishe silaha kama anayo. Anapewa cheti. Zaidi ya watu 26,000 walipata vyeti hivyo, na wengi walipewa pia godoro, jembe, vyombo na shilingi 263,000. Sheria ile iliokoa maisha, kwa sababu mtoto aliyeko msituni aliposikia redioni kwamba hatanyongwa alipata sababu ya kutoroka. Ila haikumtaka aseme chochote kwa waliofiwa. Basi mwanamume anarudi kijijini na cheti na godoro jipya, anapita mbele ya mama ambaye nyumba yake iliteketezwa na ambaye hajapewa hata kijiko. Onyesho hilo linakosekana kwako.

Halafu kuna swali kubwa: mtoto aliyeibwa na mtu aliyeua ni mtu mmoja, sasa tumhukumu yupi? Kesi ya Dominic Ongwen ilililazimisha swali hili mbele ya dunia. Alitekwa akiwa na umri wa miaka 9 hivi, akienda shule, akapanda ngazi hadi kuwa kamanda wa kikosi cha Sinia cha LRA. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Hague haina mamlaka juu ya mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda, wala juu ya makosa ya kabla ya Julai 2002, na mashtaka yalihusu Julai 2002 hadi Desemba 2005 tu, alipokuwa mtu mzima. Mawakili wake walisema alishurutishwa. Sheria ya mahakama hiyo inaukubali utetezi wa kushurutishwa pale ambapo tishio la kifo au jeraha kubwa liko karibu, mshtakiwa anatenda kinachohitajika kuliepuka, na hakusudii madhara makubwa kuliko yale anayoyakimbia. Majaji walikataa. Walisema wengine walitoroka, yeye alikuwa na nafasi, alipandishwa cheo, na mara nyingine aliweza hata kutomtii Kony. Februari 2021 alipatikana na hatia kwa makosa 61. Kwenye adhabu, utoto wake ulirudi: mwendesha mashtaka aliomba miaka isiyopungua 20, mawakili wa waathiriwa wakaomba kifungo cha maisha, majaji wakatoa miaka 25, na jaji mmoja akataka 30.

Liangalie jibu hilo kwa makini, Mwalimu. Mahakama haikusema utoto ulioibwa haujalishi. Ilisema haumwondolei hatia, ila unapunguza adhabu. Naliona ni jibu la haki kuliko yale niliyoyasikia kwenye mimbari nyingi. Na bado halimtoshi aliyefiwa, wala halimtoshi mama wa Ongwen mwingine aliyetekwa siku ile ile na hajarudi. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, naye alitekwa mwaka 1987 akiwa mtoto. Yeye alinyimwa cheti ambacho makamanda wengine walipewa, akahukumiwa hapa hapa Gulu mwaka 2024 kifungo cha miaka 40. Mhusika wako lazima awe anazijua habari hizi. Mtu aliyetoka msituni anajua nani alipewa godoro na nani alipewa pingu.

Kwa dini, wewe ni Mwislamu, mengine unayajua kuliko mimi, lakini rasimu haiyatumii. Kwenu mstari wa kuwajibika ni baleghe, sio miaka 18. Basi kwa imamu wa tamthilia yako, kijana wa miaka 16 aliyeua tayari kalamu inamwandikia, wakati wakili wa Hague anasema huyo hatumgusi. Nao wazee wa ukoo hawaulizi umri kabisa, kwa sababu anayelipa ni ukoo. Weka watu hao watatu kwenye mkeka mmoja, kila mmoja ana mstari wake, na kijana yuleyule amekaa katikati. Kuhusu kushurutishwa, Aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamwondolea lawama aliyelazimishwa kutamka kufuru huku moyo wake umetulia kwenye imani, lakini mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hawakuruhusu kumuua asiye na hatia ili uokoe roho yako. Walichotofautiana ni kisasi kiende kwa nani: Abu Hanifa alimwelekezea aliyeshurutisha, Malik na Ahmad wakawashika wote wawili. Imamu wako anaposema tu "Mungu ni mwingi wa rehema" unamnyang'anya elimu yake.

Padri wako naye amepewa "saba mara sabini" na kuachwa hapo. Sura hiyohiyo ya 18 ya Mathayo, mistari michache nyuma, inaweka hatua: mwendee ndugu yako ninyi wawili peke yenu, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Kosa linatajwa kwanza. Kitubio cha Kikatoliki kina majuto, maungamo na malipizi, na malipizi ndiyo yanayosahaulika kila mara kwa sababu yanagharimu. Ukitaka mtu wa dini anayesamehe bila kuonekana mwepesi, mkumbuke Macleord Baker Ochola, aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Kitgum. Mke wake aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, naye akaendelea kutetea mazungumzo na msamaha pamoja na Waislamu na Wakatoliki katika umoja wa viongozi wa dini wa Acholi. Aliyekuwa anasamehe alikuwa na kaburi la mke wake. Mama wa marehemu kwenye tamthilia yako anaweza kusamehe, simkatazi, ila awe amekwisha kuambiwa mwanawe aliuawa vipi, na awe na haki ya kukataa.

Napendekeza hivi. Kukanyaga yai kupeleke mwanzo wa tendo la pili, kufanyike haraka, watu wafurahi. Tendo lote la pili liwe la msuluhishi anayekwenda huku na huku, na mhusika wako akiri nusu. Aseme "tuliua" kwa wingi, kila mara, akikwepa "niliua". Msuluhishi amrudishe mara tatu. Katika tendo la tatu aseme kwa umoja, ataje mahali na silaha, kisha ukoo wake ukose ng'ombe. Acha kibuyu kionekane jukwaani bila kunywewa. Tukio la mauaji lenyewe lisiigizwe, hasa na wanafunzi, maana baadhi ya watazamaji huingiwa na cen, wale roho wa waliouawa, na mzee wa hapa atakuuliza nani atamtakasa mwigizaji. Lisimuliwe tu.

Kabla ya kuanza mazoezi, wasomee rasimu mpya watu watatu kando kando: mzee wa ukoo aliyewahi kusimamia mato oput, mwanamke aliyerudi kutoka msituni na ambaye amekubali kwa hiari yake, na wakili anayezijua kesi hizi. Usiwakalishe pamoja, mwanamke hatasema kitu mbele ya mzee. Ukiweza kufika Gulu mwezi ujao nitakutafutia mzee na wakili. Mwanamke itabidi tupitie kwanza kwa kikundi chao, waamue wenyewe.

Nitumie tendo la pili likiwa tayari, hata kama halijanyooka.

Ndugu yako

wa Gulu