Barua ya wazi kwa ninyi mlioacha unga na pombe

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sijawakasirikia ninyi. Nimewakasirikia wanaowapandisha jukwaani.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Kijana katoka soba, nyumba ya kusaidia watu kuacha ulevi, juzi, mashavu yameanza kujaa, shati limeanza kumkaa. Ghafla anatafutwa na kila mwenye kipaza sauti. Mwaka jana nilikaa safu ya pili kwenye shughuli ya namna hiyo. Mgeni rasmi kachelewa, kijana kasimama pembeni na karatasi ya maneno aliyoandikiwa, anaikunja na kuikunjua mpaka ikachanika. Alipoitwa akasema alichotakiwa kusema: nimeshinda, sirudi tena. Makofi, vigelegele, picha. Hakuna aliyemuuliza analalaje usiku. Nilimuuliza mimi baadaye, akaniambia, "Mzee, silali."

Siku alipoteleza, amwambie nani? Nusu ya watu anaowajua walikuwa na picha yake kwenye simu. Akajifungia chooni peke yake, akatumia heroini kwa kipimo kilekile cha zamani. Mlango ulipovunjwa, muda ulikuwa umepita.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mwili uliozoea heroini huhimili kiasi ambacho kingemuua mtu asiyewahi kuigusa. Ukiacha, uwezo ule unaondoka ndani ya siku na wiki chache tu, ila kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Na unga, yaani heroini hiyo, huua kwa kuzima pumzi: mtu anapumua polepole, polepole zaidi, kisha basi. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka soba au gerezani ni za hatari mno, na ndizo wiki hizohizo tunazomvalisha kijana fulana ya ushindi. Nani alitutuma?

Anayeteleza akasema, bado tunaye. Mwezi Juni 1935, kule Akron, Marekani, ndiko Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, inakohesabia mwanzo wake, kwa kuwa ndipo daktari Bob Smith alipokunywa pombe mara ya mwisho. Wengi husahau kilichotangulia. Alikuwa ameshakutana na Bill Wilson, mwanzilishi mwenzake, mwezi uliotangulia na ameshaacha, kisha akasafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akarudi amelewa chakari. Wilson alikuwa akiishi nyumbani kwa Smith wakati huo. Yeye na mke wa daktari wakamuuguza, wakaanza upya. Leo mtu wa namna hiyo tungemfuta kwenye kundi la simu kabla hajaamka.

Nawageukia wazazi kidogo, maana najua mtawasomea. Mtu anayekunywa kuanzia asubuhi kwa miaka mingi msimfungie ndani eti aache kwa nguvu. Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa ulichozoea, ikiwa ya unga hutesa sana, lakini ya pombe huweza kuua: degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka, kutetemeka, kuona visivyokuwepo. Huyo anahitaji daktari. Vivyo hivyo aliyezoea vidonge vya usingizi au vya kutuliza wasiwasi: hupunguzwa kidogo kidogo, haviachwi ghafla.

Na ninyi mnaowacheka wenzenu wanaopanga foleni ya methadoni, dawa wanayopewa hospitalini badala ya heroini, mkisema wamehama dawa moja kwenda nyingine, acheni. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayeinywa kwa kipimo chake hapati arosto, hazunguki kutafuta kete, anaamka na kwenda kazini. Mwenye kisukari anayechoma sindano miaka yote mbona hamumsimangi?

Mengine nayataja tu, maana mmeshaambiwa. Badilisha namba ya simu. Kula kwa wakati, kwa sababu njaa na hasira huamsha hamu. Lipa madeni, hata kidogo kidogo. Mshahara wa kwanza ushikiwe na mtu unayemwamini. Mapenzi mapya yangoje. Kama ulijidunga, pima virusi vya ukimwi na homa ya ini. Ile ya C siku hizi hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi kwa wiki 8 hadi 12, na watu wanapona kabisa.

Jamii yetu nayo ina lake. Tunampigia makofi aliyeacha, halafu akiomba kazi tunaficha pochi. Tunamwita teja miaka kumi baadaye. Mtu hawezi kuishi kwa makofi, anahitaji sehemu ya kwenda saa mbili asubuhi na mtu atakayeuliza mbona hajafika. Ukiwa na duka, karakana au shamba, na unasoma hapa ukitikisa kichwa kwa kukubali, jiulize umemwajiri nani.

Basi mkikutana safari hii, kabla hamjafanya lolote, kubalianeni mambo mawili: nani anapigiwa simu saa nane za usiku, na naloksoni anakaa nayo nani. Hiyo ni dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha unga. Hupulizwa puani au huchomwa kwa sindano. Mtu akikoroma kwa sauti ya ajabu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, midomo imebadilika rangi na mkimwita haitiki, msimmwagie maji wala msiseme mwacheni alale. Pigeni simu ya dharura, mpeni naloksoni, mlazeni ubavu, mmoja abaki naye. Akiamka na kuanza kuwatukana, mpelekeni hospitali hivyohivyo, kwa sababu nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla unga haujatoka mwilini, na pumzi ikazimika tena.

Mzee wenu