Maandalizi ya kesho, Old Moshi

Habari zenu wapendwa. Kesho saa moja asubuhi tukutane stendi ya Moshi, tunapanda Old Moshi kuwasikiliza wazee wa mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga ya kumwagilia mashamba. Punguzeni video kwenye simu leo usiku, maana tunarekodi kwa WAV, aina ya faili inayohifadhi sauti bila kuibana: saa moja ya kilohezi 48, biti 16, chaneli moja inakula takriban MB 345. MP3 hukata sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichokatwa hakirudi. Katika Kichaga toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hubeba maana, kwa hiyo watakaochambua baadaye tuwaachie sauti kamili. Shikamoo kwanza, simu baadaye. Mzee aombwe ridhaa na jibu lake lirekodiwe. Akikataa, daftari linatosha, msimsumbue. Sauti za wazee zisiwekwe stetasi, nawaomba sana. Pawabanki zije zimejaa chaji.