Ryall hakuliwa Tsavo

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, ila ile makala ya stesheni za zamani za reli ya Mombasa na Kisumu imenishinda. Eti Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, aliliwa na wale simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli, na Kima mkaitaja kama kituo kidogo kilichosahaulika. Kimesahauliwa na nani, kama si nyinyi?

Simba wa Tsavo waliuawa na Patterson, mhandisi wa reli, Desemba 1898, wote wawili. Ryall alikufa Juni 1900. Walioshtakiwa walikuwa ngozi tayari kwa mwaka mmoja na nusu, na ngozi zenyewe baadaye zikauzwa Chicago kwa dola 5,000. Tena kutoka Tsavo hadi Kima ni zaidi ya kilomita 150 kwa reli. Unapita Makindu na Sultan Hamud kwanza.

Simba wa Kima alikuwa mwingine kabisa, na hakufanya kazi ile peke yake: alisaidiwa na reli mbovu na mlango unaoteleza kirahisi. Behewa la Ryall liliwekwa njia ya pembeni, nayo haikuwa sawa. Behewa likalala upande. Njia ya pembeni mara nyingi huwa hivyo, kwa sababu treni hazipiti kasi na mafundi hawashindilii kokoto chini ya mataruma, ile mihimili inayobeba reli, kama wanavyofanya njia kuu. Kwenye reli ya upana wa mita moja kama hii ya zamani, upande mmoja ukizama sentimita 3 tu, kitu kilicho mita 3 juu kinasogea karibu sentimita 9. Kwenye SGR, reli mpya ya upana wa milimita 1,435, kingesogea kama sentimita 6. Sasa tia uzito wa simba upande ule ule uliozama. Mlango ulikuwa wa kuteleza juu ya vijia vya shaba. Simba alipoingia, behewa likainama zaidi, mlango ukajirudisha wenyewe na kujifunga. Ndani wamo Ryall, aliyekuwa zamu ya kumvizia simba huyo na akapitiwa na usingizi, na wenzake wawili, Huebner kitanda cha juu na Parenti sakafuni. Huebner alilazimika kumkanyaga simba mgongoni ili aufikie mlango wa pili, akakuta watumishi wameushikilia kwa nje. Simba akatokea dirishani na Ryall kinywani. Hiyo ndiyo historia ya Kima, na pimamaji ya fundi mwashi inaieleza vizuri kuliko makala yenu.

Mwaka jana nilimsikia mwongoza watalii mmoja akiwapa watoto wa shule hadithi hiyo hiyo ya Tsavo. Nilipomrekebisha, akanijibu kwamba mzee, Tsavo ndiyo inauza. Sawa, iuzeni.

Na mkishamaliza kuiuza, andikeni kuhusu wauza chuma chakavu. Mataruma ya reli hii yaliwekwa ya chuma ili mchwa wasiyale. Hakuna aliyewafikiria mchwa wenye mizani. Maungio ya reli yana vibao viwili na kwa kawaida boliti nne. Ng'oa mbili za upande mmoja, na ncha ya reli inaanza kucheza kila gurudumu likipita: kokoto zinasagika, taruma linazama, ungio linadidimia, behewa linayumba. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, ikaifungua Mei mwaka huo huo. Miezi michache hiyo haitoshi hata kuhesabu boliti.

Ombi langu ni dogo. Mita 15 za reli zitandikwe Kima, upande mmoja ushushwe sentimita 3, juu yake behewa bovu lolote lenye mlango wa kuteleza, na kila mgeni auachie mlango ajionee. Simba si lazima. Nanyi mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, si pale chini karibu na matangazo ya vifo.

Msomaji wenu,
Sultan Hamud