Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Muulizeni na baba

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua niliyoileta kwa mkono ofisini kwako ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hadi leo sijajibiwa.

YAH: AKINA BABA KUACHWA NJE YA MLANGO WA KLINIKI

Wiki iliyopita, siku ya kliniki, muuguzi alitufundisha kuhusu watoto wanaozaliwa na uzito pungufu. Akasema chanzo ni sisi akina mama: hatuli dagaa, hatuli mchicha, vidonge vya kuongeza damu tunavificha kabatini. Nikanyoosha mkono nikauliza, na baba je? Benchi zima likacheka. Nikajibiwa kwamba mambo ya wanaume si ya chumba kile. Mume wangu alikuwa nje chini ya mwarobaini. Alishaitwa, akatolewa damu ya kupima VVU, akaambiwa asubiri huko. Hakuulizwa anafanya kazi gani, anavuta au anakunywa.

Mheshimiwa, mume wangu anapiga dawa kwenye mashamba ya nyanya ya watu. Bomba liko mgongoni tangu alfajiri, linavuja, shati linalowa mpaka kiunoni, na jioni ngozi inanuka dawa hata akishaoga. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiti. Mimba iliyofuata ikatoka. Mara zote niliyehojiwa ni mimi: nilibeba nini kizito, nilikunywa mitishamba gani. Mama mkwe akaanza kusema nina tumbo bovu, na kliniki haikumwambia neno la kumnyamazisha.

Siwezi kuthibitisha kwamba ni zile dawa. Nashuku, na nina sababu. Mwaka 1977 huko California, wanaume waliokuwa wakitengeneza kiuatilifu kiitwacho DBCP walipimwa, wengi wakakutwa mbegu zao ni chache mno au hawana kabisa. Nani amewapima wapiga dawa wa bonde letu?

Tena si suala la wingi wa mbegu tu. Mbegu ya kiume huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kisha hukaa siku kadhaa ikikomaa. Maana yake ni kwamba anachokula, anachovuta na anachovuta puani shambani mwanamume leo kinaikuta mbegu itakayotunga mimba miezi mitatu ijayo. Juu ya DNA ya mbegu hiyo, yaani kibeba urithi wake, kuna alama za kemikali ambazo hazibadilishi jeni yenyewe, yaani kipande cha urithi, ila huchangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Wataalamu wanaita epijenetiki. Mwaka 2010 watafiti wa Australia waliwalisha panya madume mafuta mengi. Majike walikuwa wa kawaida, wamelishwa vizuri, lakini watoto wa kike waliozaliwa wakawa na kongosho lisilotoa sawasawa insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini. Mama hakuwa na kosa lolote pale! Mwaka 2016 wenzao wa Denmark wakaonyesha kuwa alama kwenye mbegu za wanaume wanene zinatofautiana na za wanaume wembamba, na kwamba wanene waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, alama zao zilibadilika. Kwa binadamu kazi ya kufuatilia hadi kwa mtoto bado inaendelea. Hiyo haitoshi kuwa sababu ya kutomuuliza baba hata swali moja.

Na alama hizo zinabadilika, Mheshimiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angeambiwa mapema aache sigara, apunguze pombe, apumzike kupiga dawa miezi mitatu kabla hatujatafuta mtoto, angefanya. Ni mtu msikivu. Hakuna aliyemwambia.

Nakukumbusha ulivyosema kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya diwani wetu, kwamba utaleta kliniki ya baba na mama kwa sababu afya ya mtoto inaanzia kwa wazazi wawili. Tulikupigia makofi. Kilichokuja ni sharti kwamba mwanamke asiyefuatana na mume alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Baba anatakiwa awepo, lakini akiwepo hana analoambiwa.

Nilitaka kuomba mengi: ovaroli na glavu kwa wapiga dawa, wanaume wapimwe mbegu, wauguzi wapewe semina, na wenye mashamba wabanwe. Yote nayataka bado. Najua utaniambia bajeti. Basi naomba moja lisilo na gharama. Kabla ya mimba, na hata mimba ikishaingia, baba aitwe ndani aulizwe: unafanya kazi gani, unashika dawa gani, unavuta, unakunywa, uzito wako ukoje? Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile yanakoandikwa yangu. Kalamu ipo na daftari lipo.

Muulizeni na baba, Mheshimiwa. Kliniki ijayo ni Jumanne, na mume wangu atakuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama na mkulima wa nyanya, wilayani kwako