Sidiria haipandishi kipandikizi kilichoshuka

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Tunduma, aliyewekewa vipandikizi vya matiti, aliingia dukani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, tunakoshona sidiria, salamu hakuitoa, akaweka sidiria juu ya meza ya kukatia na kusema mbele ya wateja watatu: "Hii nimelipa elfu tisini na titi bado liko kule kule. Mmeniibia." Nikampa kiti. Binti anayenisaidia akamletea chai. Kwa mwaka huu huyo ni wa tano au wa sita kuja na neno hilo hilo, basi leo nimeona niandike, wa saba akija awe ameshasoma.

Kwanza nikiri upande wetu. Siku alipokuja kupimwa nilimwambia kwamba sidiria itamshikilia, haitamrekebisha. Lakini nilimwambia nikiwa na pini mdomoni, na yeye alikuwa na haraka ya kuwahi gari. Maneno ya namna hiyo hayakai. Sasa hivi tumeyaandika chini ya risiti na tunamsomea mteja kabla hajatoa hela.

Sasa tuje kwenye titi lenyewe. Mteja mwenye vipandikizi nampima tofauti na wengine. Natoa futi kwenye kishimo cha chini ya koo mpaka kwenye chuchu, kisha kutoka chuchu mpaka kwenye mkunjo wa chini ya titi, kila upande peke yake. Huyu dada, kutoka chuchu mpaka mkunjo, kulia alikuwa na sentimita nane, kushoto kumi na moja na nusu. Halafu nikaangalia kovu. Daktari wake alipitishia kipandikizi chini ya titi, kwa hiyo kovu linatakiwa lijifiche ndani ya mkunjo. La kulia lilikuwa limejificha vizuri. La kushoto lilikuwa wazi, vidole viwili juu ya mkunjo, na chuchu imeinuka kama inaangalia dari. Yeye alidhani kovu limepanda. Kovu halitembei. Kipandikizi ndicho kilichoteremka na kupita chini yake.

Ukiwekewa kipandikizi, mwili unakijengea ganda la kovu pande zote, madaktari wanaliita kapsula. Hicho ndicho kifuko chake. Kifuko kikichimbwa kikubwa kupita kiasi, au nyama za chini zikiwa dhaifu, au kipandikizi kikiwa kizito, sakafu ya kifuko inaachia kidogo kidogo. Silikoni, ile inayojaza vipandikizi, ina uzito wa takriban gramu moja kwa kila mililita. Ukisikia mtu amewekewa mililita 450 kila upande, hiyo ni karibu kilo nzima inaning'inia kifuani, mchana na usiku, kwenye bajaji ya Uyole mpaka Kabwe na matuta yake yote.

Mimi ni fundi, naelewa mambo kwa mishono. Suruali yako ikifumuka mshono wa chini wa mfuko, simu itashuka mpaka gotini. Unaweza kukaza mkanda mpaka ukose pumzi, simu haitapanda. Itapanda siku fundi atakapofungua, aurudishie mfuko mshono wake mahali pake. Sidiria ni mkanda.

Si wote wanaoshuka chini. Wako ambao vipandikizi vinakimbilia pembeni, akilala chali kila kimoja kinaelekea kwapani. Wako ambao vimesogeleana mpaka katikati hakuna bonde tena, ngozi ya kifuani imeinuka kama hema. Wako ambao kimoja kimebaki juu karibu na mfupa wa bega. Hawa wa juu wakati mwingine ni suala la subira tu: kipandikizi kipya hukaa juu na kuwa kigumu mwanzoni, kikashuka chenyewe kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji. Mtu wa wiki ya tano akija analia simpimi hata. Namrudisha nyumbani, au kwa daktari wake kama ana wasiwasi. Ila kikiwa juu, kigumu kama jiwe, kinauma, na kimeanza hivyo baada ya miezi au miaka ya kukaa vizuri, hiyo ni kapsula inayojikaza, na hapo hakuna cha kusubiri.

Sasa njia za mkato, maana hizi ndizo zinazonitia hasira.

Ya kwanza ni kununua sidiria ndogo namba mbili ili "ibane ipandishe". Yule wa Tunduma alikuwa amevaa ya waya, ya mtumba, ambayo hata haitakiwi kuwa sokoni kwa sababu TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mtumba zamani. Waya ulikuwa umekaa juu ya kipandikizi badala ya chini yake, ukichimba ngozi palepale kwenye kovu, na mstari mwekundu nimeuona kwa macho yangu. Ngozi ya pale ni nyembamba. Ikichubuka, ikapata kidonda, wadudu wakaingia ndani, kipandikizi chote kinaweza kutolewa, na utakaa miezi bila kitu kabla ya kuwekewa kingine. Alitoa elfu nne pale mitumbani akiona ameokoa.

Ya pili ni bendeji. Mama mmoja wa Makambako, wa wale wa kwenda pembeni, alikuwa analala amejifunga bendeji ya lastiki kifua kizima, mizunguko sita. Alikuja kwangu kwa sababu alikuwa anaamka amechoka. Nilipomfungua, mistari ilikuwa imeingia mpaka mgongoni. Mama wa watu alikuwa hapumui usiku! Vipandikizi vilikuwa palepale kwapani. Kweli, wapo madaktari wanaoagiza mkanda wiki za mwanzo, kusukuma kilichobaki juu. Lakini hao wameona kifuko wenyewe na wanajua wanasukuma kuelekea wapi. Yeye alikuwa amefanyiwa miaka mitatu nyuma.

Ya tatu ni kukanda. Hii ni ya kwetu Nyanda za Juu, Juni baridi ikiingia kila kitu kinakandwa kwa maji ya moto. Baada ya upasuaji ngozi ya titi inaweza kufa ganzi kwa muda mrefu, wengine daima. Huwezi kujua taulo limekuunguza mpaka uone lengelenge. Nimeliona lengelenge hilo, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kwa binti wa chuo aliyekandwa na shangazi yake kwa nia njema kabisa. Sikumshonea kitu siku ile. Nilimsindikiza mwenyewe hospitali, duka nikamwachia binti anayenisaidia.

Marekebisho ya kweli yanafanyika chumba cha upasuaji, kwa daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Mimi siyo daktari, nasimulia yale ambayo wateja wangu wamefanyiwa na nikawapokea baadaye. Aliyeshuka chini au kwenda pembeni, daktari anafungua, anaishona kapsula kwa ndani ili kifuko kirudi kwenye ukubwa wake. Nyama zikiwa dhaifu anaongezea wavu maalumu au kipande cha tishu kilichoandaliwa, kama sisi tunavyoweka kitambaa cha ndani sehemu inayovutwa sana. Mara nyingi anashauri kipandikizi kidogo zaidi, na hapo ndipo wateja wanapogoma, kwa sababu walilipia ukubwa. Mshono uliofumuka kwa uzito ukirudishiwa uzito ule ule, mimi kama fundi nisingetoa waranti. Waliokutana katikati wanashonewa katikati, wengine wanahamishiwa kifuko kipya kabisa, mfano kutoka juu ya msuli kwenda chini yake. Aliyebaki juu ni kinyume, kapsula inafunguliwa ili kishuke.

Watu wanauliza mbona kurekebisha kunagharimu kuliko mara ya kwanza. Waulizeni mafundi nguo! Kushona gauni jipya na kufumua gauni lililoharibiwa na fundi mwingine, ipi kazi? Unafanya kazi juu ya makovu, kitambaa kimeshakatwa, huna ziada. Na hata ikifanyika vizuri, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema wazi kwamba vipandikizi si vya kudumu maisha yote. Anayekuuzia kwa maneno ya "ukiweka umemaliza" anakudanganya.

Jambo moja nasisitiza kwa kila anayekanyaga dukani: kadi. Ukiwekewa kipandikizi unapaswa kupewa kadi yenye jina la kampuni, aina, ukubwa na namba yake. Nusu ya wateja wangu hawana, hasa waliofanyiwa nje ya nchi wakarudi na begi la zawadi bila karatasi hata moja. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell, vile vyenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Mwenye kadi alisoma jina akajua ana nini kifuani. Asiye nayo alibaki anabahatisha. Na daktari wa kurekebisha ataiomba siku ya kwanza, ajue anakwenda kutoa kitu gani cha ukubwa gani.

Sisi tunaingia baada ya hapo, na hapo ndipo bei yetu inapokuwa na maana. Baada ya kushonwa upya, wengi wanaagizwa wavae sidiria ya kushikilia usiku na mchana kwa wiki sita hivi, bila waya, inayofungukia mbele kwa sababu mikono haipandi. Ile mishono ya ndani ndiyo inasaidiwa, isibebe uzito peke yake. Ninayoshona ina vikombe viwili visivyolingana, maana hakuna mtu mwenye matiti mapacha. Mkanda wa chini ni mpana vidole vinne, na ndio unaobeba. Kamba za begani ni za kusaidia tu. Ndani hakuna mshono unaogusa kovu, nauhamishia nje na kuulaza kwa zigizaga. Kulabu zina safu nne, maana uvimbe unapungua na wewe unakaza. Unakuja kujaribisha mara tatu. Ya elfu nane pale nje mtu hakupimi hata mara moja, anakukadiria kwa macho kutoka ng'ambo ya barabara.

Kazi hii nilijifunzia kwa kina mama waliokatwa titi kwa saratani, na bado nawashonea, wao nawapunguzia bei. Mmoja wa Kyela, kabla hajapata titi la bandia la silikoni la kuvaa ndani ya sidiria, alijishonea mfuko akajaza mchele wa kwao ili upate uzito sawa na upande wa pili. Ulikaa vizuri kuliko nyingi za dukani, nikamwuliza kaupimaje. Akasema kwa mizani ya samaki.

Yule wa Tunduma sikumrudishia elfu tisini. Nilimwonyesha kovu lake kwenye kioo, nikamwandikia vipimo vyote kwenye karatasi na tarehe, nikamwambia ampelekee daktari, na sidiria ile abaki nayo. Mkanda nitaurekebisha bure akishafanyiwa. Aliondoka bado amenuna. Juzi akapiga simu kuuliza kama nane na kumi na moja na nusu nilizipima amesimama au amekaa, daktari anataka kujua.

Amesimama, mikono chini. Tunapima hivyo kila mtu, Jumanne mpaka Jumamosi, dakika arobaini kwa mteja, nyuma ya pazia, wanawake kwa wanawake. Njoo na kadi yako. Na kama titi limevimba ghafla, ni jekundu, lina joto au una homa, usije kwangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.