Mwenye baridi yabisi anapoogopa kunyanyuka

Wengi wanaoletwa kwetu kwa tiba ya viungo huambiwa goti limekataa kukunja. Mara nyingi goti linakunja vizuri, mwenyewe ndiye hathubutu. Akilala kitandani tukalikunja sisi, linafika mbali. Akiombwa ainuke kitini peke yake, anabana pumzi, anakaza mwili mzima na kuishia nusu ya njia.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Kwenye baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia utando ulio ndani ya maungio. Utando unavimba, unajaa maji, na usipotibiwa unakula gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) na mfupa. Ugonjwa ukipamba moto, hata kugeuza kitasa kunauma kwelikweli, na mgonjwa anazoea kuona kila mjongeo ni hatari. Kisha dawa zinafanya kazi, uvimbe unashuka, lakini mazoea yale yanabaki. Paja lisilotumika hupoteza misuli upesi, goti linakosa wa kulibeba, na kazi ndogo tu inaliumiza. Mgonjwa anasema, “Si niliwaambia?”

Nyumbani nako mapenzi huongeza tatizo. “Mama, wewe kaa tu.” Ananyang'anywa ndoo, fagio, mwisho hata mwiko, na kila anaponyang'anywa anazidi kuamini kwamba mwili wake ni wa kuvunjika.

Je, mazoezi huharibu maungio? Uholanzi walilipima swali hili kwa wagonjwa 309, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kundi moja lilifanya mazoezi makali mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila kipindi, kwa miaka miwili. Uwezo wao wa kufanya kazi ulipanda na ugonjwa haukuchochewa. Tahadhari ilibaki kwa wale ambao magoti, mabega au maungio mengine makubwa yalikuwa yameshaharibika sana kabla ya kuanza; hao tunawapangia kazi nyepesi zaidi.

Kupima hofu tunatumia dodoso la Tampa: kauli 17, alama kuanzia 17 hadi 68, na zaidi ya 37 kwa kawaida huhesabiwa hofu kubwa. Ila namba haisemi mtu anaogopa nini hasa. Kwa hiyo tunamwomba ataje vitendo anavyovikwepa na kuvipa alama 0 hadi 10, kisha tunaanza na chenye 3 au 4. Kumwanzishia mtu kile anachokiogopa kuliko vyote ni kumfukuza.

Tuseme ni kuinuka kitini. Tumia kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ukiongeze mto mgumu wa sentimita 10 hivi. Rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamia mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, toa pumzi, nyanyuka kwa hesabu ya tatu, shuka kwa hesabu ya tatu. Usijisukume kwa ngumi, maana mzigo wote utaangukia vidole na vifundo vya mikono. Egemeza mikono kuanzia kiwiko. Anza na mara 5, asubuhi ya saa nne na jioni, si mara tu unapoamka ukiwa umekakamaa. Ukifika mara 10 kwa siku tatu mfululizo bila shida, toa mto.

Kwa mwiko ni vivyo hivyo: anza na uji, halafu ugali wa watu wawili. Zungushia mpini kitambaa mpaka unenepe, shika kwa mikono miwili, sufuria iwe chini ya usawa wa viwiko.

Maumivu yakipanda alama mbili kati ya kumi wakati wa zoezi, endelea. Yanatakiwa yawe yamerudi kawaida ndani ya saa 2, na kukakamaa kwa asubuhi inayofuata kusizidi kulikozoeleka. Yakivuka hapo, punguza idadi kwa theluthi, usiache. Kinachoharibu mpango kuliko kitu kingine ni ile siku nzuri: mtu anajisikia mzima, anafua nguo za wiki nzima, kisha analala siku tatu na kulilaumu zoezi. Fuata idadi iliyopangwa hata kama mwili unadai zaidi.

Ugonjwa ukiwaka tena, acha mazoezi ya nguvu na ukunje na kunyoosha kila kiungo polepole mara 3 hadi 5 kwa siku. Dawa ziendelee kama daktari alivyoandika. Hakuna zoezi linaloziba pengo la methotrexate, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, iliyorukwa.

Kuna mahali ambapo kuogopa ni sahihi. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda vijidudu vimeingia. Na ukiinamisha kichwa ukahisi kama shoti ya umeme inashuka mgongoni, au mikono inakufa ganzi na miguu inalegea, usifanye zoezi lolote la shingo. Pingili za juu zinaweza kuwa zimelegea, na daktari anapaswa kuona picha kwanza.

Kipindi cha kwanza njoo na dawa zako zote, viatu unavyovaa kila siku, na yule mtu wa nyumbani anayekunyang'anya ndoo. Naye tuna kazi naye.