Kishanga cha Shaba

South B, Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mwangeka,

Salamu sana. Sisi huku wazima, watoto wazima, mvua inanyesha hadi nguo zimekataa kukauka, na Mama Zawadi kila siku anasema umetusahau. Sijamwambia kwamba aliyesahau ni mimi. Hizo ndizo salamu, mengine yatafuata.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeanza kucheka kabla sijafika katikati, nami ningekata. Ni habari ya gari. Ndiyo, hilohilo la Subaru uliloniuzia. Lakini kwanza: ile injini kuukuu uliyoitoa kwenye Forester yako ya mwanzo bado iko Changamwe, pale nyuma ya nyumba ya mama, au mmeshawapa watu wa vyuma chakavu? Kama iko, tafadhali isiguswe na mtu mpaka umalize kusoma barua hii.

Unakumbuka Desemba nilivyoshuka nalo huko kwenu Mombasa. Ulikaa kiti cha mbele ukasema, "Bwana, hili gari nimelitupa." Geji ya busti, ule msukumo wa hewa ambayo tabo inaisukuma ndani ya injini, ilikuwa inapanda hadi 1.1, inakaa hapo kama imepigiwa msumari. Basi mwisho wa Januari nikaenda Naivasha kwa mazishi ya baba yake Shiko. Kurudi, pale mlima wa Kinungi, nakanyaga mafuta, gari linanguruma vizuri tu, lakini haliendi. Mwangeka, nilipitwa na Probox. Na si Probox tupu: imejaa kabichi mpaka paani, na dereva anakula hindi kwa mkono mmoja. Alinipungia. Naapa alinipungia.

Geji ilikuwa inasoma 0.6. Gia ya tatu 0.6, gia ya nne 0.6, nikikanyaga mpaka sakafuni 0.6. Hiyo namba ishike, tutairudia, maana mimi sikuishika na ndiyo iliyonimaliza.

Nilipofika nyumbani nilikuwa tayari na jibu: Mwangeka kaniuzia gari bovu. Nisamehe, ndivyo nilivyofikiri. Nikajiambia tabo ilikuwa inakufa tangu mwanzo, wewe na fundi Oti mkaitengeneza itembee miezi mitatu mpaka pesa ziishe mfukoni mwangu na kuingia mwenu. Ndiyo maana simu yako ya Pasaka sikuishika. Wala ile ya baadaye. Nilimwambia Shiko, nikamwambia na mlinzi wa geti. Hata kinyozi nilimwambia.

Sasa kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia Oti pia, sikumpelekea gari. Nikaanza kuzunguka. Fundi wa kwanza, Industrial Area, alifungua boneti, akasikiliza kidogo kama daktari wa kienyeji, akasema tabo imekwisha, lete shilingi 65,000 nikutafutie nyingine. Hakuitoa hata hosi moja. Nikamwomba angalau ashike shafti ya tabo atikise tuone kama inacheza. Akaitikisa: haichezi, haina mafuta, mapezi mazima kabisa. Bado akasema imekwisha!

Wa pili alisema ni hewa ya Nairobi. Huyu hakuwa mjinga, ila alinijibu swali ambalo sikuuliza. Ni kweli huku tuko juu ya bahari karibu mita 1,700, na hewa tunayovuta ni pungufu ya yenu kwa kama asilimia 18. Tabo ya huku hutoka jasho zaidi kufikisha hewa ileile ambayo kwenu inaipata kwa urahisi. Lakini mlima wa Nairobi haukuota Januari. Gari hili lilikuwa linavuta hapahapa, Oktoba na Novemba nzima.

Nikabadilisha plagi. Wewe unajua injini ya Subaru ilivyolala ubavu, plagi ziko pembeni chini, fundi anafanya kazi kwa kupapasa kama anayetafuta ufunguo gizani. Alitumia saa tatu na nusu. Plagi zilikuwa zimechoka kweli, kwa hiyo sijutii, ila 0.6 ikabaki 0.6. Nikasafisha sensa ya hewa kwa dawa yake. 0.6. Nikabadilisha kituo cha mafuta, nikaweka yale ya bei. 0.6, na mfuko mwepesi.

Kisha ikaja furaha ya uongo. Gari lilikuwa limeanza kutoa moshi mweusi nikikanyaga, na kula mafuta kama harusi. Fundi wa tatu, kijana mtulivu, akaziba mdomo wa njia ya hewa kwa kopo, akapuliza upepo wa kompresa ndani, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Chini ya intakula, ile inayopoza hewa ya tabo, pale usipopaona mpaka uitoe, povu likaanza kuchemka. Klipu ilikuwa imelegea. Akanieleza vizuri, nikapenda: ile hewa ilikuwa imeshapita kwenye sensa, kompyuta imeshaihesabu na kumwaga petroli yake, halafu hewa inatorokea njiani. Petroli inabaki bila mwenzake, ndiyo ule moshi. Akakaza klipu, moshi ukaisha siku ileile. Nilimnunulia soda na chapati mbili.

Nikatoka hapo hadi Southern Bypass nikiimba. Nakanyaga. 0.6.

Mwangeka, kuna siku mtu huishiwa na kiburi. Niliegesha pembeni nikampigia Oti. Hakuuliza nilikuwa wapi miezi yote hiyo. Alisema tu, "Lete." Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nikamfikia Ngara saa kumi. Hakufungua boneti. Alichomeka laptopu, akakaa kiti cha abiria, akaniambia niendeshe kawaida halafu nikanyage gia ya tatu mpaka aseme basi. Nilimwona anaangalia mistari miwili tu kwenye skrini. Mmoja ni busti ambayo kompyuta inaiomba: 1.1. Mwingine ni inayopatikana: 0.6, imenyooka kama rula. Akaniuliza kama ni hivyo gia zote. Nikasema zote. Akasema, "Basi hiyo si ajali. Tundu lingekuwa linavuja ungeona inapanda na kushuka, kila gia na yake. Ukiona namba moja isiyobadilika, hiyo ni springi inazungumza."

Wewe ulikuwa mtu wa kukanyaga, si wa kufungua, kwa hiyo nikueleze kama alivyonieleza. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Pembeni yake kuna kimlango, na moshi ukizidi kinafunguka upite bila kuizungusha. Kinafunguliwa na upepo wa tabo yenyewe kupitia kihosi chembamba, na kinazuiwa na springi. Springi peke yake inashindwa kwenye 0.6 hivi. Ili ufike 1.1, kompyuta ina solenoidi, vali ndogo ya umeme inayopunguza ule upepo njiani, inaurudisha nyuma, ili kimlango kidanganyike kwamba busti bado ndogo. Kwenye skrini solenoidi ilikuwa inafanya kazi karibu asilimia mia. Yaani kompyuta inapiga kelele "funga, funga", na mlango hausikii.

Tukarudi gereji. Hapo sasa ndipo akafungua boneti. Akaangalia. Akaangalia tena. Akaenda akakaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

"Hizi paipu za buluu," akasema, "uliziweka lini?"

Ndugu yangu, hosi za silikoni za buluu. Nilizitia mwenyewe, kwa mikono yangu, Jumamosi moja katikati ya Januari, na nilikutumia picha! Wewe ukajibu na emoji ya yule mtu wa miwani. Nilitoa intakula (na nikairudisha na klipu imelegea, kama ulivyosikia), nikang'oa vihosi vyote vyeusi vya kiwandani, nikaweka vya buluu vinavyong'aa, nikatupa vya zamani. Na ndani ya kile kihosi kimoja kifupi kinachotoka kwenye tabo, Subaru walikuwa wamesukuma kishanga cha shaba chenye tundu dogo, milimita moja na kitu. Kwa nje hukioni. Kazi yake ni kubana upepo usifike kwenye kimlango kwa wingi, ili solenoidi iweze kuushinda. Mimi nilikitupa pamoja na takataka. Upepo ukawa unaingia wote kwa kishindo, solenoidi ikawa inachota bahari kwa kijiko.

Miezi minne. Plagi, mafuta ya bei, soda, chapati, na urafiki, kwa kishanga.

Nilikwenda Kirinyaga Road kukitafuta. Hosi ziko, za kila rangi. Nikaeleza kishanga, kidogo hivi, cha shaba, kina tundu. Muuzaji mmoja akanisikiliza kwa heshima zote, akaniambia vishanga nitavipata Maasai Market. Sikucheka siku ile. Leo naona alikuwa sahihi kama mafundi wangu wengine.

Oti akabuni. Alichukua jeti ya kabureta ya bodaboda, ina tundu lililopimwa vizuri, akaisukuma ndani ya hosi ya buluu. Tukatoka. Geji ikapita 1.1, ikapita 1.2, ilipogusa 1.35 kompyuta ikakata mafuta na gari likagonga kama limekanyaga ukuta. Meno yangu yaligongana. Oti akasema afadhali lilikata, kwa injini hizi busti ya namna hiyo ndiyo inayopasua pistoni. Tundu la jeti ni dogo kuliko la kishanga, kwa hiyo mlango ulichelewa kufunguka. Akaitoboa kidogo kwa biti. Ikawa 0.8. Tumeshaharibu jeti tatu, na mwenye bodaboda anaanza kutuangalia vibaya.

Kuna njia nyingine, aiandike upya ile ramani ya kwenye kompyuta inayoamuru busti, ilingane na jeti. Lakini ramani ile aliipima wewe ukiwa na gari, na kishanga cha kiwandani kikiwa mahali pake, akahangaika nayo wiki mbili, na anasema haigusi kwa sababu ya mtu aliyependa rangi ya buluu. Namwelewa. Tena ningelipa zaidi, na Mama Zawadi bado hajajua hata kuhusu zile nilizokwisha kulipa.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hilo. Injini yako ya zamani ni EJ205 kama hii, na wewe hukuwahi kuipamba. Nenda kwenye tabo, upande wa alumini, si ule wa chuma cha kutu. Pale panatoka kichuchu chembamba, kina kihosi cheusi kinachokwenda kwenye kiungo cha njia tatu. Kibinyebinye kwa vidole taratibu. Ukisikia kitu kigumu ndani, kama punje ya hindi kwenye uji, ndicho. Usikitoe, usikisafishe kwa sindano, usikipulizie. Kata hosi nzima pande zote mbili unitumie hivyohivyo. Mpe konda wa basi la usiku ndani ya kopo lolote, uandike jina langu na namba, nitakipokea asubuhi. Nauli nitatuma kwa M-Pesa, na usikatae, maana najua utakataa.

Na lile lingine... Nilishamwambia Shiko kwamba nilikosea. Kinyozi nitamwambia wiki ijayo, kichwa bado hakijaota vya kutosha. Kwako sijui niseme nini zaidi ya kwamba simu ile ya Pasaka niliiona ikilia, niliishika mkononi, nikaiweka chini. Mama Zawadi aliuliza ni nani. Nikasema namba mgeni.

Sasa niambie. Injini ipo au haipo? Jicho la mama limefanyiwa upasuaji au bado mnazungushwa na tarehe? Ulichotaka kuniambia Pasaka kilikuwa nini, ilikuwa ni habari ya Voi? Ile kazi uliichukua? Salma anasemaje kuhusu kuhama? Na wewe, kwani wakati ule wote mimi kimya hukujiuliza hata siku moja kuna nini, au ulijua? Oti alikuambia? Maana anavyonicheka naona kama alikuwa na mwenzake wa kucheka naye.

Picha ya zile paipu kama bado unayo kwenye simu, futa.

Wako,
Mwadime

Nimesahau: hosi ikiwa ngumu kutoka usitumie bisibisi, itachana. Zungusha kwanza.